Maisha ya Sir Archibald McIndoe, Fundi wa Ngozi

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za Mtemi Mirambo, za Mtemi Isike, na za wasafiri wa kale waliopita Tabora na misafara yao. Muhula huu nimeonelea niwaeleze maisha ya mtu wa namna nyingine, ambaye hakuteka nchi wala hakutafuta chanzo cha mto. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea nyuso na mikono watu walioungua moto. Huyu ni Sir Archibald McIndoe, daktari mpasuaji, aliyekufa mwaka 1960.

Yamkini mtu atauliza, daktari wa ng'ambo atuhusu nini sisi wa Nzega? Nina majibu mawili. La kwanza, daktari huyu alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na huko ndiko lilikozaliwa shauri moja kubwa la kuwasaidia wagonjwa wa Afrika ya Mashariki, ambalo nitalieleza mbele. La pili, mji wetu ni njia panda. Zamani nchi hii ilipitwa na wapagazi wenye pembe na vitambaa. Leo yapita malori yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi, na mengi katika hayo yamebeba petroli. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuteka mafuta, moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Wala si malori tu. Katika nyumba zetu kuna mafiga, kuna sufuria ya uji, kuna kibatari, na mtoto atambaaye hajui kipi ni moto na kipi ni mchezo. Basi habari za mtu aliyejua kutibu moto zatuhusu.

Archibald Hector McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, nchi ya New Zealand. Baba yake alikuwa mpiga chapa. Mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji wa picha mwenye sifa, na mimi naona si ajabu kwamba mtoto wa mchoraji alikuja kuwa fundi wa nyuso. Alisoma Otago Boys' High School, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago mjini mwao. Mwaka 1924 akapewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi katika Mayo Clinic huko Marekani, akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kupewa nafasi hiyo. Alipokuwa huko alichunguza sana habari za ini, akajulikana kuwa ni mpasuaji mwenye mikono mizuri. Mkubwa mmoja wa wapasuaji wa Kiingereza, Lord Moynihan, alimwona akamshauri ahamie Uingereza.

Mwaka 1930 McIndoe akafika London na mke wake. Lakini kazi aliyoitumaini hakuipata. Alikuwa na umri wa miaka 30, ana elimu ya kutosha, na hana mshahara. Wengi wetu tunaokaribia kumaliza kidato cha nne tunaogopa jambo kama hilo, na labda itatufaa kujua kwamba hata watu wakubwa walilipitia.

Bahati yake ilikuwa hii, kwamba London alikuwako jamaa yake, Sir Harold Gillies, naye mzaliwa wa Dunedin. Katika Vita Kuu ya Kwanza Gillies alikuwa akitengeneza nyuso za askari waliopigwa risasi na mabomu, katika hospitali ya Sidcup iliyofunguliwa mwaka 1917. Gillies akampokea, akampa kazi, akamfundisha. Basi McIndoe akaacha ini, akashika ngozi, wala hakuiacha tena mpaka kufa.

Hapa sina budi kueleza kidogo kazi yenyewe. Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Huzuia maji ya mwili yasitoke na huzuia vijidudu visiingie. Ikiungua juu juu, hujiotesha yenyewe, kwa sababu chini ya tabaka la juu na kando ya mizizi ya malaika zimo seli shina, yaani seli ambazo kazi yao ni kuzaa seli nyingine maisha yote ya mtu. Lakini moto ukila mpaka chini, seli hizo nazo hufa. Hapo kidonda hakina mbegu. Hukaa wazi kwa miezi, huoza, na kikifunga hujikunja kwa kovu linalovuta kila kilicho karibu, iwe kope, mdomo au kidole.

Dawa yake ni kuleta ngozi kutoka mahali pengine pa mwili wa mtu yule yule. Nasi tulio wana wa wakulima wa mpunga tutalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mpunga huoteshwa kwanza kitaluni, kisha miche hung'olewa ikapandwa katika jaruba. Vivyo hivyo daktari huparua tabaka jembamba la ngozi ya paja, akalilaza juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku za kwanza pandikizi hilo hunywa majimaji ya kidonda. Baada ya siku chache mishipa midogo ya damu huingia ndani yake, likashika. Paja nalo halibaki tupu, kwa kuwa seli shina zilizobaki chini huotesha ngozi nyingine.

Lakini pua haifanywi kwa ngozi nyembamba. Kwa pua na kidevu Gillies alitumia njia nyingine. Alikata ukanda mnene wa ngozi bila kuutenga na mwili, akaukunja na kuushona kama mrija, ncha zote mbili zikiwa bado mwilini zinapata damu. Baadaye ncha moja hukatwa ikashonewa mkononi au karibu na uso, na ikiisha kushika, ndipo ncha ya nyuma hukatwa nayo. Rando la kiazi kitamu hufanya hivyo hivyo: hutambaa, hutia mizizi mbele, na hapo ukilikata nyuma halifi. Kazi hiyo yataka majuma na miezi, na mgonjwa hukaa na mrija wa nyama ukining'inia usoni. Yataka daktari mwenye subira na mgonjwa mwenye subira zaidi.

Mwaka 1938 McIndoe aliwekwa kuwa mshauri wa jeshi la anga la Uingereza katika upasuaji wa namna hii. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda hospitali ya Queen Victoria katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini ya London. Hakukubali kuvaa cheo cha jeshi. Alitaka kubaki raia ili aweze kubishana na wakubwa bila kushitakiwa kwa utovu wa nidhamu, na kwa kweli alibishana nao mara nyingi, maana alikuwa mtu mkali na mwenye shingo ngumu.

Katika miezi ya kati ya mwaka 1940 marubani wa Uingereza walipigana angani na ndege za Wajerumani. Katika ndege kama Hurricane tangi la petroli lilikuwa karibu sana na rubani. Likitobolewa kwa risasi, kwa nukta chache tu chumba chake kilikuwa tanuri. Vijana wengi walitoka humo wakiwa hai, lakini hawana kope wala pua, na vidole vimeungua mpaka mfupani. Wengi walikuwa na umri wa miaka 20 hivi, yaani wametuzidi sisi kidogo tu.

Siku hizo majeraha ya moto yalipakwa tanini, dawa ile ile inayotumiwa kutengenezea ngozi za viatu. Ilifanya gamba gumu jeusi juu ya kidonda, na madaktari waliliona ni jambo jema, kwa kuwa kidonda kilionekana kimefunikwa. McIndoe aliona mengine. Chini ya gamba vijidudu vilistawi, vidole vilikakamaa, na kope zilivutwa mpaka jicho likabaki wazi na kuharibika. Kisha akatambua jambo lililowapita wengine, kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akafikiri, akaona tofauti ni maji ya chumvi. Akaamuru yatengenezwe mabafu ya maji vuguvugu yenye chumvi iliyopimwa, wagonjwa walowekwe humo, vitambaa vitoke bila kubandua nyama, viungo vinyooshwe ndani ya maji. Akaipiga vita tanini mpaka ikaachwa. Tafadhali mtu asisome hapa kisha akamwage chumvi ya jikoni juu ya kidonda cha mwenzake. Maji yale yalikuwa kazi ya hospitali. Linalonipendeza mimi ni kwamba hakugundua jambo hilo kwa chombo cha thamani. Aliwatazama wagonjwa wake vizuri tu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague kuandika habari za mtu huyu. McIndoe aliona kwamba ukimshonea kijana kope mpya, bado hujamponya, kama anaogopa kutoka nje ya mlango. Kwa hiyo katika wodi yake, iliyokuwa banda la mbao, aliondoa mambo mengi ya kawaida ya hospitali. Wagonjwa hawakulazimishwa kuvaa sare ya bluu ya wagonjwa. Walivaa nguo zao za jeshi au za nyumbani. Wenye vyeo na wasio na vyeo walilala pamoja. Pipa la pombe lilikuwamo wodini, jambo ambalo mwalimu wetu wa zamu asingeliruhusu. Sheria ya jeshi ilitaka mtu asiyepona katika siku 90 aachishwe kazi, naye akaipinga mpaka ikabadilishwa.

Zaidi ya hayo, alikwenda kwa watu wa mji. Akawaomba wawaalike vijana hao majumbani, wakae nao mezani, wacheze nao dansi, na wawatazame kama watu wengine. Wenye mji wakakubali. Basi ikawa kijana mwenye mrija wa ngozi kutoka begani hadi puani aliweza kuingia dukani akanunua sigara, wala asione mtu akigeuza uso. East Grinstead ukajulikana kuwa mji usiowakodolea watu macho.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaanzisha chama, wakakiita Chama cha Simbilisi, kwa sababu simbilisi ndiye mnyama ambaye madaktari humjaribia dawa, nao walijua wanajaribiwa mambo mapya. McIndoe akawa rais wao. Kwa mzaha wakamchagua mweka hazina aliyeungua miguu ili asiweze kukimbia na fedha, na katibu aliyeungua vidole ili asiandike mengi. Vita vilipokwisha wanachama walikuwa 649, Waingereza, Wakanada, Waaustralia, watu wa New Zealand, Wapolandi na wengine. Walikutana kila mwaka mpaka mwaka 2007, walipokuwa wazee.

Hata hivyo McIndoe hakuweza kila kitu. Mtu aliyeungua karibu mwili wote hana paja la kuparua. Na kuchukua ngozi ya ndugu haikufaa. Ilishika siku chache kisha ikafa. Wakati wa vita hivyo hivyo mtaalamu Peter Medawar, pamoja na mpasuaji Thomas Gibson, walichunguza jambo hilo huko Glasgow, wakaonyesha mwaka 1943 kwamba mwili huitambua ngozi ya mtu mwingine kuwa ngeni ukaishambulia, na ikiletwa mara ya pili huikataa upesi zaidi. Uchunguzi huo ulimfungulia Medawar njia ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Baada ya vita McIndoe alipewa heshima ya Sir mwaka 1947. Alikuwa akija Kilimanjaro shambani kwake, na karibu naye aliishi mwanafunzi wake, Michael Wood, mpasuaji aliyekuwa pia rubani. Mwaka 1956 wao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees, ambaye naye alijifunza kwa McIndoe, walizungumza huko mlimani juu ya hali waliyoiona. Watu wa mbali walikaa na makovu yaliyowafunga viungo, na midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, kwa kuwa hospitali yenye mpasuaji ilikuwa safari ya siku nyingi. Wakasema, ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia daktari, daktari aende kwa ndege. Mwaka 1957 ikaanzishwa huduma ya madaktari warukao wa Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi. Ndiyo inayoitwa leo Amref, nayo imeenea nchi nyingi za Afrika. Kumbukeni kwamba kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara ulitembea miezi miwili mitatu, na aliyeshikwa na donda ndugu njiani aliweza kuachwa. Ndege ndogo huivuka njia hiyo kwa saa chache.

Tarehe 11 Aprili 1960 McIndoe alikufa usingizini mjini London kwa ugonjwa wa moyo, umri wake miaka 59. Majivu yake yakawekwa katika kanisa la jeshi la anga la St Clement Danes, heshima isiyo ya kawaida kwa raia. Mwaka 2014 sanamu yake ilisimamishwa East Grinstead. Amesimama nyuma ya rubani aliyeketi, ameweka mikono juu ya mabega yake. Aliyeichonga ni Martin Jennings, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliotibiwa na McIndoe.

Kazi haikuishia hapo. Mwaka 1961 kilifunguliwa East Grinstead kituo cha uchunguzi chenye jina lake, nacho kwa miaka mingi kilichunguza upandikizaji na uponaji wa vidonda. Mwaka 1975 huko Marekani, James Rheinwald na Howard Green wakafaulu kuotesha seli za ngozi ya mtu ndani ya vyombo vya maabara. Sasa kitalu kimehamia nje ya mwili. Kutoka katika kipande kidogo cha ngozi, seli shina huzaa mashuka ya kufunika eneo kubwa. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu walioungua karibu mwili wote waliokolewa huko Boston kwa ngozi iliyooteshwa kutoka katika miili yao wenyewe. Mwaka 2015 mtoto mmoja huko Ujerumani, ambaye ngozi yake ilikuwa ikibanduka kwa ugonjwa wa kuzaliwa, alioteshewa karibu asilimia 80 ya ngozi yake, baada ya kasoro ya seli zake kurekebishwa. Mtaalamu Michele De Luca wa Italia ndiye aliyeiongoza kazi ya maabara. Ngozi za namna hiyo hazina vinyweleo wala tezi za jasho, na gharama zake ni kubwa sana. Bado hazijawa dawa ya mtu wa kawaida, hata katika nchi tajiri.

Kwa hiyo, wenzangu, tusikae tukingojea maabara. Mtoto wa mama yangu mdogo alivutia sufuria ya uji wa moto alipokuwa na miaka minne. Jirani mmoja alileta majivu na majani yaliyotafunwa, mkono ukafungwa. Ulipofunguliwa, vidole vitatu vilikuwa vimeshikana na kiganja, vikakaa hivyo miaka saba. Baadaye madaktari waliotembelea hospitali moja walilikata kovu, wakavinyoosha vidole, wakapandikiza ngozi ya paja lake. Leo anaandika kwa mkono huo, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Lakini jua la Oktoba linawaka, naye amevaa sweta ili mikono mirefu ifiche kovu.

Katika habari hii ziko tiba mbili ambazo hazihitaji fedha. Ya kwanza, mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Msipake majivu, unga, dawa ya meno wala mafuta, msiweke barafu. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali, na vidonda vikianza kupona hakikisheni viungo vinanyooshwa kama wauguzi walivyoagiza.

Ya pili ni ile ya watu wa East Grinstead. Kwetu mtu mwenye kifafa akiangukia motoni, wako wanaokataa kumgusa wakidhani ataambukiza, naye huungua mpaka mfupa. Kifafa hakiambukizi, wala kovu haliambukizi. Wahenga walituachia neno moja, hujafa hujaumbika, na lori moja la petroli kwenye njia panda yetu laweza kulithibitisha kwa yeyote kati yetu.

Ndugu yangu huyo amefanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Januari ataingia kidato cha kwanza, na shule yetu ni mojawapo ya zile anazoweza kupangiwa. Sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumekwisha ondoka. Ninyi mtakaobaki, akija msichana mwenye sweta wakati wa joto, mpeni nafasi mezani, mwazimeni daftari, mwiteni kwa jina lake. Siku atakapoivua sweta, msiseme neno. Endeleeni na masomo.